Misumari Kumi na Moja

Mtaani kwetu, pembeni mwa Kizwite, hakuna mtu aliyejua habari za misumari kumshinda Leonidas. Hilo alilisema yeye mwenyewe, na sisi tulimkubalia, kwa sababu tulilalia vitanda vyake, tulifunga milango yake, na wazee wetu tuliwazika katika majeneza yake. Kwa hiyo siku fundi sanifu wa kampuni ya barabara aliposimama nyuma ya nyumba ya Leonidas, akautazama mwamba kutoka chini hadi juu, akasema, "Huu tutaupiga misumari," Leonidas alitabasamu na kuvuta suruali yake juu. Alijiona ameitwa kazini.

Mwamba wenyewe haukuwa mchezo. Kampuni ilikuwa imechota kifusi cha barabara kwenye mlima ulio nyuma ya nyumba zetu, ikaacha ukuta wa jiwe tupu, mrefu, wenye nyufa za kupitisha mkono. Wakati wa kuchota sisi tulishangilia. Tuliomba tripu mbili tatu za kifusi tusawazishe nyua zetu, tukapewa, tukawaita wale madereva ndugu zetu. Mvua za Januari zilipoanza na vijiwe vikaanza kudondoka juu ya mabati, ndipo tulipokumbuka kwamba mlima ukikatwa miguu unaweza kuanguka.

Fundi sanifu aliitwa Meshack, kijana mpole mwenye kofia ngumu, asiyeacha kuandika. Alichomeka vijiti chini ya mwamba, mahali palipo na nyufa, na juu ya kila kijiti akafunga kitambaa chekundu.

"Mzee, nyumba yako ndiyo iko karibu zaidi," alimwambia Leonidas. "Wakati wa kazi mtatupisha. Wiki tatu hivi. Tukimaliza mnarudi, mnalala bila wasiwasi."

"Wiki tatu kwa ajili ya misumari?"

"Ndiyo, mzee."

"Mnatumia ya inchi ngapi?"

Meshack alikuwa anaandika. "Ni mirefu, mzee," alisema bila kuinua uso. "Halafu kichwani kila mmoja unakaa na sahani yake, ili uushike mwamba vizuri."

Leonidas akatikisa kichwa kwa kuelewa. Fundi yeyote aliyepiga bati anaijua sahani ya msumari: ni kizibo cha soda, unakitoboa katikati, msumari hauzami na bati halichaniki. Swali la tatu hakuuliza. Tangu lini fundi seremala akaulizia misumari?

Nyumbani, mkewe Bertilla alikuwa anachuja togwa ya kuuza, na mama wa Leonidas, Bibi Cornelia, alikuwa amekaa mlangoni anapepeta ulezi. Bertilla aliposikia habari ya wiki tatu alitua ndoo chini.

"Tutakaa wapi?"

"Ndiyo nafikiria."

"Hakuna cha kufikiria, Baba Herieth. Tunakwenda Mpui kwa kaka Gabriel. Nyumba yake ina vyumba vitano."

Herieth ni binti yao aliyekuwa shule ya bweni, na kwa wakati ule ndiye pekee katika familia aliyekuwa na mahali pa uhakika pa kulala. Gabriel alikuwa amejenga kwa mahindi yake mwenyewe, na siku ya kubariki nyumba ile, Leonidas, akiwa ameshiba na kunywa vya mwenye nyumba, aliupiga mlango wa mbele makofi mawili akasema mbele ya padri kwamba mlango ule umetengenezwa na mpishi. Watu walicheka sana. Gabriel hakucheka.

"Mimi siendi kulala nyuma ya mlango ule," alisema Leonidas.

"Unafunga?" aliuliza Bibi Cornelia.

"Unafunga, mama, lakini umepinda."

"Kama unafunga, twende."

Bertilla alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Jioni ile Leonidas alikata shauri lake kimyakimya. Kwa nini ahame wiki tatu kupisha kazi ambayo yeye angeimaliza siku moja? Meshack angekuja na watu wake, angekuta mwamba umeshapigwa misumari, angevua ile kofia yake. Na Mpui wangesikia.

*

Jumapili alisema tumbo linamuuma. Bertilla na Bibi Cornelia walikwenda misa ya kwanza, na sisi sote tulikwenda, kwa kuwa mtaa wetu hata wavivu wake ni wavivu wa siku za kazi tu. Leonidas akatoa ngazi, nyundo kubwa, misumari sitini ya inchi sita na vizibo vya soda alivyookota nyuma ya baa. Alitaka kazi ilingane na ya wataalamu, kwa hiyo alihitaji pia vitambaa vyekundu. Jikoni alikuta kanga kuukuu ya mama yake, nyekundu, iliyokwisha kuwa ya kushikia sufuria. Akaichana vipande.

Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili ukapinda. Wa tatu uliruka ukapita karibu na sikio lake, akashuka ngazi kidogo, akaufikiria, akapanda tena. Mwamba ulikuwa mgumu kila mahali isipokuwa penye nyufa. Penye nyufa msumari uliingia vizuri, tena kwa raha. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini jiwe linakubali pale tu lilipopasuka, lakini Leonidas alikwisha kupiga misumari arobaini na tisa iliyopinda na hakuwa na hali ya kujiuliza. Iliyoingia ilikuwa kumi na moja. Kila mmoja ulikuwa na kizibo chake cha soda na kitambaa chake chekundu. Alirudi nyuma akautazama mwamba, akaona umetulia.

Hakumwambia mtu. Alitaka Meshack aione mwenyewe.

*

Jumanne mvua ilinyesha asubuhi nzima. Ilipokatika, balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Alphonce, alitoka chooni kwake, na hakuwa amekwenda hatua kumi, mkanda bado uko mkononi, pande la jiwe lilipobanduka kutoka kwenye mwamba, likabiringika, likakikalia kile choo. Halikubaki hata tofali la kushika. Tulipofika tulimkuta balozi amesimama kwenye matope, ameushika mkanda kwa mikono miwili, anasema, "Nilikuwa humo. Nilikuwa humo sasa hivi."

Ni Lydia, jirani yake, aliyeuona ule msumari. Ulikuwa umesimama kwenye ufa wa lile jiwe, na kizibo chake, na kitambaa chake chekundu kimelowa. Tukainua macho. Juu kwenye mwamba tukaona mingine. Tukahesabu kumi, na ule wa chini ukawa wa kumi na moja.

Hapa inabidi nieleze jambo la aibu kidogo. Nyumba kumi za balozi Alphonce, tukizihesabu kwa haki, ni kumi na moja, tangu shemeji wa Lydia alipojenga uani kwake. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alilikumbuka kwa wakati mmoja. Misumari kumi na moja, nyumba kumi na moja. Mji wetu jina lake lenyewe linamwagiza mtu autupe uchawi kabla ya kuingia, na sisi, wenye kusoma magazeti kwenye simu na kuwacheka wageni wanaotuogopa, tulisimama pale kwenye tope kila mmoja akitafuta msumari wake. Palitokea hata ubishi. Mmoja alisema wa nyumba yake ni ule wa kushoto. Mwenzake akamwambia huo wa kushoto ni wake, asimchukulie. Uliokuwa hauna ubishi ni wa balozi, ambaye alianza kulalamika kwamba mguu wake unakufa ganzi.

"Kitambaa hiki nakijua," alisema Lydia. Hakukigusa. "Hii ni kanga ya Bibi Cornelia. Aliivaa msiba wa mume wangu."

Leonidas alikuwa hapohapo, kati yetu. Alifungua mdomo. Angesema neno moja tu wakati ule, yote yangeishia pale. Lakini alilitazama lile jiwe, alitazama mahali palipokuwa na choo, akaona jinsi misumari yake ilivyoupanua ule ufa, akajua kwamba amekaribia kumuua balozi kwa nyundo yake mwenyewe. Akafikiria jinsi tutakavyomcheka. Akafunga mdomo.

*

Jumatano pale bombani wanawake walizisogeza ndoo zao Bibi Cornelia alipofika. Walizisogeza kwa heshima, wakamwamkia shikamoo, wakampisha achote wa kwanza ili aondoke. Togwa ya Bertilla haikununuliwa. Ilichachuka kwenye ndoo hadi jioni akawamwagia nguruwe.

Alhamisi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwao. Bibi Cornelia aliamka mapema. Alifagia uwanja, alitandika mikeka, aliweka msalaba na mshumaa juu ya meza, akavaa gauni lake la misa na sweta safi, akakaa. Saa kumi ilipita. Kumi na nusu ikapita. Halafu upepo ukaleta wimbo kutoka nyumba ya nne, na tulikuwa sisi tunaoimba. Tulikuwa tumehamishia sala kule, tukasahau kuwaambia. Ndivyo tulivyokubaliana kusema endapo tungeulizwa, kwamba tumesahau.

Bibi Cornelia aliusikiliza ule wimbo mpaka ukaisha. Aliujua, akauitikia ubeti wa mwisho kwa sauti ndogo. Kisha akauzima mshumaa kwa vidole na kuanza kukunja mikeka.

Bertilla alimfuata mumewe kwenye karakana. Hakukaa.

"Ile misumari ni yako."

Leonidas aliendelea kupiga randa.

"Nimekuta vizibo viwili mfukoni mwa suruali yako nikifua. Na baba yangu alikuwa mpasua mawe, Baba Herieth. Hivyo ndivyo alivyopasua: chuma kwenye ufa, nyundo juu yake. Wewe umekwenda kulishikilia jiwe kwa kulipasua."

"Punguza sauti."

"Nipunguze kwa nini? Wanataka kuleta lambalamba. Balozi ameitisha mkutano Jumamosi, watu wachangie."

Leonidas aliiweka randa chini. Lambalamba kila mtu huku kwetu anawajua. Ni wale waganga wanaotembea mitaa kwa mitaa kuwaumbua wachawi, na serikali imewakataza, lakini watu huwaleta tu. Wakimfikia bibi kizee humnyoa nywele na kumvua nguo mbele ya wajukuu, na baada ya hapo watu hushika mawe.

"Nikisema ni mimi," alisema polepole, "nani tena ataniletea kazi? Jina langu ndilo kiwanda changu, Mama Herieth."

"Kwa hiyo wewe ubaki fundi, mama abaki mchawi."

Leonidas alitazama misumari iliyokuwa kwenye kopo, akaona haya, haya ya kweli, ya kuchoma masikio.

*

Jumamosi tulijaa uwanjani. Balozi Alphonce alikuja na fimbo kwa ajili ya ule mguu wenye ganzi. Alikuwa ameanza kueleza habari ya michango aliposimama Leonidas.

"Misumari ni yangu," alisema. "Niliipigilia mimi, Jumapili, mkiwa kanisani."

Balozi akamtazama kwa huruma.

"Kaa chini, Fundi. Tunakuelewa. Mama ni mama."

"Simfichi mama. Ni mimi. Nilidhani ndiyo misumari wanayosema kampuni."

"Fundi kama wewe?" alisema Lydia. "Mtu aliyetengeneza altare ya kigango? Apige msumari wa bati kwenye jiwe, tena na kizibo cha soda? Hata mtoto hawezi. Usitudharau."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Leonidas akaona maajabu: ile sifa aliyoijenga miaka ishirini, kwa kuisema mwenyewe kila alipopata nafasi, ilikuwa imesimama mlangoni inamzuia kutoka. Alikuwa na kazi moja tu, kutushawishi kwamba yeye ni mjinga, na sisi tulikuwa wabishi.

"Lydia," alisema, "ule mlango wako haukuvimba kwa mvua. Nilipima vibaya. Nikakuambia ni mvua."

Lydia alibaki mdomo wazi.

"Balozi, benchi la kanisani lililomwangusha katekista siku ya kipaimara, halikuliwa na mchwa. Nilisahau kutia gundi. Wale mchwa niliwatafuta nikawaleta mwenyewe kwenye kopo."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia.

"Jeneza la marehemu mzee Christopha lilikuwa fupi. Wote mliniona nimekalia kifuniko nalia. Sikuwa nalia kwa uchungu tu. Nilikuwa nalishindilia."

Hapo kicheko kilitoka. Mtoto wa marehemu mwenyewe alikuwa wa kwanza, akafunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Leonidas hakukoma. Alitaja stuli, alitaja makabati, alitaja dirisha la zahanati linalofungukia ukutani. Jasho lilimtoka na baridi ile. Akachukua nyundo na misumari aliyokuja nayo, akamwomba balozi tusogee wote hadi kwenye mwamba, akapiga msumari mbele yetu. Ukapinda. Akapiga wa pili, ukaruka, watu wa mbele wakainama.

Meshack alikuwa amekuja kuangalia lile jiwe lililoanguka, akatukuta tumeshika mbavu. Bertilla alimvuta mkono.

"Mwanangu, waonyeshe watu hawa msumari wako."

Vibarua wawili wakaushusha kwenye gari. Ulikuwa nondo, nene kama kidole gumba cha mguu wa balozi, ndefu mita sita. Wa mbele alikuwa ameshafika kwa mzee Alphonce na wa nyuma bado yuko barabarani. Meshack akaeleza, kwa upole wake, kwamba mwamba hutobolewa kwanza kwa mashine, shimo refu linalopita nyufa zote mpaka kwenye jiwe zima, nondo huingizwa, humiminiwa uji wa saruji, na mwishoni hukazwa kwa nati na sahani ya chuma. Akaitoa ile sahani. Ilikuwa pana, mraba, nzito. Leonidas akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kizibo cha soda, akakiweka juu yake.

Tulicheka hadi tukakaa chini. Balozi alicheka akaiangusha fimbo, na mguu ukapona palepale. Habari ya lambalamba hakuna aliyeitaja tena. Tangu siku ile Leonidas tunamwita Inchi Sita, na kazi hakukosa, maana kila mtu alitaka kwenda kumcheka, na aliyekwenda alikumbuka ana kiti kibovu.

*

Walirudi nyumbani watatu, Leonidas katikati, mwepesi, karibu anacheza. Katika maisha yake hakuwahi kufurahia kuaibika namna ile.

"Yamekwisha, mama," alisema.

"Umefanya vizuri," alisema Bibi Cornelia. "Ulikawia, lakini umefanya vizuri."

Alitembea kidogo kabla ya kuendelea.

"Nilikuwa namtazama Lydia. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na mjukuu wake yuko mapajani. Akaniona namtazama mtoto. Akamgeuzia upande wa pili, huku anacheka."

"Mama, sasa wote wanajua misumari haikuwa yako."

"Misumari, ndiyo."

Leonidas alitaka kujibu. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kujieleza yeye, na ya mama yake hakuwa na hata moja.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kuhama kupisha kazi. Leonidas na Bertilla walikwenda Mpui, kulala nyuma ya ule mlango. Bibi Cornelia alisema yeye atakwenda Namanyere kwa binti yake Angela, kwa kuwa hajamwona siku nyingi. Ni wiki tatu tu, tuliambiana. Tulikwenda wengi kumsindikiza stendi, tukiona haya ya wiki iliyopita na kutaka kuyafunika kwa wema. Lydia alileta karanga za kukaanga. Balozi alimkatia tiketi kwa pesa yake mwenyewe. Tulimtania, tukamwambia asituletee misumari ya Namanyere, naye akatabasamu akatuitikia kila mmoja kwa jina.

Mzigo wake ulikuwa kapu, mfuko wa ulezi wa mbegu, msalaba wa mezani uliofungwa kwenye sweta, na jembe lake lenye mpini. Mtu anayekwenda kutembea wiki tatu habebi jembe. Tuliliona sote. Mmoja wetu alilipokea, mwingine akapanda juu ya basi, tukalifunga kwa kamba vizuri lisije likaanguka njiani.